Kutoka Karatasi-Kalke hadi Tabaka: Historia ya Kupanga Mchoro

Neno tabaka lina maana mbili katika Kiswahili, na kamusi huziweka sambamba bila kueleza udugu wao. Kwa maana ya kwanza, tabaka ni kitu kilichotandazwa juu ya kingine: tabaka la udongo, tabaka la rangi ukutani, tabaka la mawe chini ya ardhi. Kwa maana ya pili, ni kundi la watu au vitu vya aina moja: tabaka la wafanyakazi, tabaka la matajiri. Maandishi ya siasa ya Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 yaliieneza maana hii ya pili kiasi kwamba msomaji, akilisikia neno hilo peke yake, huwaza siasa kabla ya kuwaza udongo. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na huko pia lilikuwa na sura hizo mbili tangu zamani. Ibn Saad, aliyefariki Baghdad mwaka 845, alikiita kitabu chake kikubwa cha wasifu kwa jina la Tabaqat, kwa kuwa masahaba na waliowafuata walipangwa humo kundi baada ya kundi, kizazi juu ya kizazi.

Siku hizi neno hilo linadaiwa kazi mpya. Kila anayechora kwa kompyuta, awe msanifu wa majengo, mchora ramani au mtengenezaji wa mabango, hukuta katika programu yake dirisha dogo lenye orodha. Kila mstari wa orodha hiyo ni sehemu ya mchoro ambayo yaweza kuonyeshwa au kufichwa, kufungwa isiguswe, kuinuliwa juu ya nyingine au kuteremshwa chini yake. Kila lugha imekitazama kitu hicho kwa jicho lake. Mfaransa amekiita calque, yaani karatasi ya kufuatishia. Mwitalia amekiita livello, yaani ngazi. Mhispania amekiita capa, neno linalotaja pia joho na mpako wa rangi. Mjerumani amekiita Ebene, yaani uwanda. Nchini Kongo, ambako programu hizi hutumika mara nyingi kwa Kifaransa, wachoraji husema kalke hata wanapozungumza Kiswahili.

Makala haya yanafuata historia ya kitu hicho katika michoro ya vekta, yaani michoro ambayo kompyuta huihifadhi kama hesabu za nukta, mistari na mapindo, si kama vidoadoa vya rangi. Hoja yake ni kwamba tabaka la kompyuta halikuzaliwa na kompyuta. Lina wazazi wawili, na wazazi hao walikuwa na ufundi tofauti na haja tofauti. Mmoja alitaka kujua kipi kiko juu ya kipi. Mwingine alitaka kujua kipi ni cha aina gani. Usumbufu mwingi unaowapata wachoraji hata leo hutokana na kukutana kwa haja hizo mbili ndani ya dirisha moja.

Karatasi ipitishayo nuru

Ufundi wa kufuatisha mchoro juu ya karatasi angavu ni wa kale. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika kitabu cha ufundi wake karibu na mwaka 1400, alieleza namna ya kukwangua ngozi ya mwanambuzi hadi iwe nyembamba kabisa, kisha kuipaka mafuta ya kitani ili iangaze. Hata karatasi ya kawaida, alisema, yaweza kupakwa mafuta hayo. Kitenzi cha Kifaransa calquer kimetoka katika Kiitalia calcare, na hicho kimetoka katika Kilatini, ambako maana yake ilikuwa kukanyaga kwa kisigino. Mfuatishaji wa zamani alikandamiza mistari kwa kijiti ili alama ipenye hadi upande wa chini. Ndiyo sababu unyayo umejificha ndani ya jina la karatasi. Mwanaisimu atatabasamu hapa, kwani calque ndilo jina ambalo taaluma yake imelipa tendo la kuchukua usemi wa lugha moja na kuufuatisha neno kwa neno katika lugha nyingine.

Katika karne ya 19 karatasi hiyo, pamoja na kitambaa kilichotiwa wanga hadi kikaangaza, iliingia katika ofisi za wahandisi. Mwaka 1842 John Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, aligundua njia ya kunakili kwa mwanga wa jua juu ya karatasi iliyotiwa chumvi za chuma, na nakala ikatoka na mistari myeupe juu ya buluu. Tangu hapo mchoro wa asili haukuhitaji tena kutoka kabatini. Nakala ndiyo iliyokwenda kiwandani. Lakini nuru haikuweza kupita katika karatasi nzito, na kwa hiyo kila mchoro ulipaswa kwanza kufuatishwa kwa wino juu ya kitambaa angavu. Katika viwanda vya meli vya Uingereza kazi hiyo ilikuwa ya wanawake kwa sehemu kubwa. Majina yao hayamo katika historia za uhandisi, ingawa mistari iliyosomwa na wajenzi ilikuwa ya mikono yao.

Hadi hapo karatasi angavu ilikuwa chombo cha kunakili tu. Hatua kubwa ilikuja pale ilipoanza kuwa chombo cha kugawa. Mgodi wa chini ya ardhi, wa namna ya ule wa Kipushi ambao wasomaji wa Lubumbashi wanaujua, hauwezi kuchorwa katika ukurasa mmoja, kwa sababu njia za ngazi moja hupita juu ya njia za ngazi nyingine na mistari yote ingekuwa fujo. Dawa ni kuipa kila ngazi karatasi yake angavu, kwa kipimo kimoja na alama za pembeni zilezile, ili mhandisi aziweke mbili au tatu pamoja anapotaka kujua shimo jipya litatokea wapi. Wachapaji wa ramani nao waligawa kwa namna yao: bamba la buluu kwa maji, la kahawia kwa mistari ya mwinuko, la kijani kwa misitu, jeusi kwa barabara na majina. Bamba lilikuwa la rangi, lakini rangi ilifuata aina ya kitu. Aliyetaka kusahihisha mto aligusa bamba la buluu, na misitu ikabaki salama.

Kisa kimoja katika historia hii kilianzia Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Roger Tomlinson, mtaalamu wa jiografia aliyefanya kazi katika kampuni ya upigaji picha wa angani mjini Ottawa, alihusika na mradi wa kutafuta mahali pa kupanda misitu nchini Kenya. Njia iliyojulikana ilikuwa kuchora ramani ya kila jambo katika karatasi angavu, kisha kuzitandaza moja juu ya nyingine na kutafuta sehemu ambayo masharti yote yametimia. Gharama ya kuifanya kazi hiyo kwa mikono, kwa eneo lote lililotakiwa, ilionekana kubwa mno, na pendekezo likakataliwa. Tomlinson akajiuliza kama kompyuta ingeweza kuzitandaza karatasi hizo mahali pa mikono. Jibu lake lilipata nafasi Kanada, ambako serikali ilitaka kuorodhesha ardhi ya nchi nzima. Mfumo uliojengwa huko katika miaka hiyo ya 1960 ulihifadhi mipaka ya maeneo kwa hesabu na kukokotoa wapi eneo la ramani moja lilikatana na eneo la ramani nyingine. Karatasi ilikuwa imeondoka, lakini kitendo cha kutandaza kilibaki.

Wasanifu wa majengo wa Amerika ya Kaskazini walifika mahali hapohapo kwa njia ya polepole zaidi. Karatasi na kitambaa vina tabia ya kunywea na kutanuka kwa unyevu, na mistari ya karatasi mbili haikai pamoja muda mrefu. Baada ya utando wa polista kuenea katika ofisi, tabu hiyo ilikwisha, kwani polista haibadiliki kwa urahisi. Katika miaka ya 1970 ofisi nyingi ziliitoboa ukingoni na kuivika katika ubao mwembamba wenye vijiti, ili kila karatasi ikae mahali palepale bila kukosea hata kwa unene wa mstari. Kuta na nguzo zilichorwa mara moja tu, katika karatasi ya msingi. Fundi wa umeme alichora taa na swichi katika karatasi yake, fundi wa maji mabomba yake. Wakati wa kunakili, karatasi ya msingi ilipunguzwa ukali hadi ikawa kijivu, na karatasi ya fundi husika ikatokea nyeusi juu yake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika njia hii swali la kipi kiko juu halikuwa na maana. Karatasi zote ziliangaza, na mchoro wote ulikuwa mistari mitupu. Weka ya umeme juu ya ya maji, au ya maji juu ya ya umeme: nakala ni ileile. Tabaka la msanifu lilikuwa tabaka kwa maana ya pili ya Kiswahili, yaani kundi la vitu vya aina moja.

Urithi wa vijiti na kalamu

Mchoro wa kompyuta ulipoanza haukuwa na karatasi wala vijiti hivyo. Programu ya Sketchpad, ambayo Ivan Sutherland aliieleza katika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1963 huko Massachusetts, ilimwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo. Mpangilio wake ulitegemea uhusiano wa kielelezo na nakala zake: ukibadilisha kielelezo, nakala zote hubadilika. Lilikuwa wazo zito, na programu za leo bado zinalo. Lakini lilijibu swali la umbo, si swali la aina.

Swali la aina lilijibiwa na programu zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi zilizokwisha zoea ubao wa vijiti. AutoCAD, iliyoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 1982 mjini Las Vegas, ndiyo iliyoenea kuliko nyingine kwa sababu ilitumika katika kompyuta ndogo za mezani. Tabaka lake halikuwa na juu wala chini. Lilikuwa na jina, rangi, aina ya mstari, na hali ya kuonekana au kutoonekana. Rangi nayo haikuwa pambo. Mashine za kuchapia za wakati ule zilikuwa na kalamu halisi zilizochukuliwa na mkono wa chuma, na kila rangi ya kioo iliamuru kalamu fulani: nyekundu, kwa mfano, yaweza kuwa kalamu nyembamba, na njano kalamu nene. Kwa hiyo kitu kilipowekwa katika tabaka lake, kilikuwa kimekwisha pewa unene wa wino. Kalamu zimeondoka, lakini ofisi nyingi zilibaki miaka mingi baadaye na desturi ya kuchagua unene kwa kutaja rangi, na kijana anayeingia kazini hushangaa kwa nini ukuta ni wa njano.

Tabaka lilikuwa pia njia ya kuokoa wakati wa mashine. Kompyuta za miaka ya 1980 zilikuwa nzito, na kila mara mchoro ulipokokotolewa upya mchoraji alingoja. AutoCAD ikatofautisha kulizima tabaka na kuligandisha. Lililozimwa halionekani, lakini mashine bado huhesabu vitu vyake. Lililogandishwa huachwa kabisa hadi liyeyushwe. Mwanafunzi wa leo, ambaye mashine yake humaliza hesabu kabla hajapepesa jicho, hukariri tofauti hiyo bila kuona maana yake. Maana yake ilikuwa dakika za watu.

Tatizo lililobaki lilikuwa majina. Programu ya MicroStation, iliyopendwa na wahandisi wa barabara na reli, ilikuwa kwa miaka mingi na ngazi 63 tu katika kila mchoro, na zilitambulika kwa namba. Kwamba ngazi ya 14 ni mabomba ya maji machafu lilikuwa jambo la kukumbukwa na ofisi, au la kuandikwa katika karatasi iliyobandikwa ukutani. Faili likihama bila karatasi hiyo, namba hazikusema kitu. AutoCAD iliruhusu majina, ingawa kabla ya toleo liitwalo AutoCAD 2000 hayakuweza kuzidi herufi 31 wala kuwa na nafasi katikati. Na tabaka moja, lile linaloitwa sifuri, halifutiki wala halibadiliki jina. Sifuri hiyo ina tabia ya pekee: kitu kilichochorwa ndani yake, kikifanywa sehemu ya kielelezo, huchukua sura ya tabaka lolote kitakaloingizwa. Ni kama mgeni asiye na mavazi yake, avaaye ya mwenyeji. Ambaye hakufundishwa jambo hili huchora kila kitu katika sifuri, kwa sababu ndilo analolikuta likiwa wazi.

Mwaka 1990 chama cha wasanifu wa majengo wa Marekani kilitoa mwongozo wa majina: herufi ya kwanza itaje taaluma, kisha kifupisho kitaje kitu. Mwaka 1998 ikafuata kanuni ya kimataifa, ISO 13567. Katika mwongozo wa Marekani A ni usanifu, S ni muundo wa nguzo na mihimili, E ni umeme, P ni mabomba. Ofisi inayofanya kazi kwa Kifaransa haikupata taabu na herufi hizo, kwa kuwa maneno ya Kifaransa yanayohusika huanza kwa herufi zilezile. Lugha hizo mbili zilichota katika kisima kimoja cha Kilatini. Kwa Kiswahili hakuna hata moja inayolingana. Atakayeandika mchoro wa nyumba kwa Kiswahili itambidi ama akariri herufi za wengine, ama aanzishe zake na kuzieleza kwa kila atakayepokea faili.

Seluloidi na rangi isiyoangaza

Mzazi wa pili hakutoka katika ofisi za ujenzi. Ili kumjua inafaa kurudi nyuma hadi New York ya mwaka 1914, katika karakana za filamu za katuni. Dakika moja ya filamu ilihitaji mamia ya picha, na katika kila picha ilibidi kuchora upya nyumba, miti na anga hata kama aliyesogea ni paka peke yake. Earl Hurd aliomba hataza ya njia mpya mwezi wa Desemba mwaka huo, akapewa mwaka uliofuata: mandhari ichorwe mara moja, na kinachosogea kichorwe juu ya karatasi ya seluloidi angavu inayowekwa juu yake. Wakati huohuo Raoul Barré, Mkanada aliyefanya kazi mjini humo, alianza kuzitoboa karatasi na kuzivika katika vijiti ili picha zisirukeruke. Vijiti ni vilevile vya wasanifu, miongo mingi kabla yao.

Lakini tofauti ni kubwa. Mchora katuni hakuchora mistari mitupu. Alijaza umbo rangi nzito upande wa nyuma wa seluloidi, na rangi hiyo iliziba kilicho chini yake. Paka akiwekwa chini ya mti, mti humfunika. Akiwekwa juu, hupita mbele ya mti. Mpangilio ndio maana yenyewe. Na seluloidi haikuwa angavu kabisa: kila karatasi iliyoongezwa ilitia ufifi kidogo, hata wapaka rangi walilazimika kuchanganya rangi ileile kwa namna tofauti kulingana na ngazi ambayo karatasi ingewekwa. Lotte Reiniger wa Ujerumani, katika filamu yake ndefu ya vivuli juu ya Mwanamfalme Achmed iliyotoka mwaka 1926, alitenganisha ngazi hizo kwa vioo; karakana ya Walt Disney ilijenga mashine kubwa ya namna hiyo na kuitumia katika filamu fupi ya The Old Mill mwaka 1937. Tabaka la katuni lilikuwa tabaka kwa maana ya kwanza, ile ya udongo.

Wazo hili liliingia katika michoro ya vekta kwa mlango wa uchapaji. PostScript, lugha ya kuamuru mashine za kuchapa iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1984, ilichukua kanuni ya mpaka rangi: kila alama mpya huziba iliyotangulia mahali zinapokutana. Mwaka 1987 kampuni hiyo ilitoa Illustrator, programu ya kuchora kwa msingi wa lugha hiyo. Haikuwa na matabaka. Ilikuwa na foleni moja ndefu ya vitu, na amri za kukipeleka kitu mbele kabisa au nyuma kabisa. Ilikuwa pia na kitu cha kumfurahisha Cennini: picha iliyopitishwa katika skana iliweza kuwekwa chini kwa rangi ya kijivu, na mchoraji akafuatisha mapindo yake juu yake, kisha picha isichapwe. Kampuni nyingine ilifanya jambo hilo kuwa sehemu ya dirisha lenyewe: katika FreeHand, iliyoanza mwaka 1988, mstari uligawa orodha ya matabaka, na yaliyo chini ya mstari yalififia wala hayakuchapwa. Hapo jina la Kifaransa lilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa kalke ilikuwa imerudi kufanya kazi yake ya kwanza.

Katika vyuo vikuu wengine walijibu swali la mpangilio kwa namba tupu. Xfig, iliyoandikwa na Supoj Sutanthavibul katika Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1985, ilimpa kila kitu kina chake, na katika programu hiyo vina vilikuja kuhesabiwa kutoka 0 hadi 999. Namba kubwa iko mbali zaidi na jicho. Njia hiyo ni safi, lakini haina jina la kitu chochote.

Mahali zilipokutana

Illustrator ilipata matabaka katika toleo lake la tano, mwaka 1993. Watu wengi hudhani matabaka yalianzia katika Photoshop, programu ya picha za vidoadoa, lakini hiyo iliyapata mwaka uliofuata. Katika Illustrator tabaka lilikuwa na jina, likaweza kufichwa na kufungwa, kama la msanifu. Na wakati huohuo lilikuwa na mahali pake katika foleni, likaziba lililo chini yake, kama la mchora katuni. Maana mbili ziliingia katika chombo kimoja.

Mara nyingi ndoa hiyo haina ugomvi. Katika ramani maji hukaa chini, barabara juu yake, majina juu ya vyote. Lakini chukua reli inayopita juu ya barabara kwa daraja mahali pamoja, na mahali pengine ikapita chini ya barabara ileile. Kwa upande wa aina, reli ni tabaka moja. Kwa upande wa mpangilio, haiwezi kuwa tabaka moja, kwa sababu inatakiwa iwe juu na chini. Mchoraji huikata reli vipande viwili, kimoja katika tabaka lililo juu ya barabara na kingine katika lililo chini, na kuanzia siku hiyo hakuna amri moja inayoweza kuificha reli nzima. Aina imevunjwa ili mpangilio utimie. Upande wa pili, AutoCAD ilipoanza kubeba picha na maeneo yaliyojazwa rangi, vitu vyake vilianza kuzibana, na ikabidi iongezewe amri ya kupanga vitu kwa zamu ya kuchorwa, nje kabisa ya matabaka yake. Kila mzazi alilazimika kuazima kwa mwenzake.

Mwaka 2001 shirika linalosimamia kanuni za mtandao lilitoa SVG, namna ya kuandika mchoro wa vekta kwa maandishi ya kawaida ambayo programu yoyote yaweza kuyasoma. Kanuni hiyo ina makundi ya vitu, na kinachoandikwa baadaye huziba kilichotangulia, tabaka halimo. Inkscape, programu huria iliyojitenga na Sodipodi mwaka 2003 na ambayo chuo chochote chaweza kuiweka katika mashine zake bila kulipa, ilitafuta njia. Tabaka lake ni kundi la kawaida lililobandikwa maneno mawili ya ziada, moja la kusema kwamba kundi hili ni tabaka, na lingine la kulitaja jina. Programu nyingine isiyoyajua maneno hayo huyapuuza: mchoro huonekana salama, rangi zote mahali pake, lakini orodha ya matabaka yenye majina haipo, yamebaki makundi tu.

Hasara hiyo si ndogo kwa nchi ambayo ramani yake hubadilika. Fikiria ramani ya lugha za Kongo iliyochorwa kwa vekta katika miaka ya 1990. Mto uliitwa Zaire tangu mwaka 1971, na mwaka 1997 ukarudi kuitwa Kongo. Shaba ikarudi kuitwa Katanga mwaka huohuo. Mwaka 2015 majimbo 11 yakawa 26, na Katanga ikagawanywa katika Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Katika muda huo wote Lualaba na Luapula hazikuhama, na mahali ambapo Kisanga hupakana na Kibemba hapakungoja sheria ya jimbo lolote. Aliyeweka mito, mipaka ya majimbo, maeneo ya lugha na majina katika matabaka mbalimbali alibadilisha mawili na kuacha mawili. Aliyechora yote katika tabaka moja alikuta mstari mmoja ukiwa mto na mpaka kwa pamoja, asijue pa kukata. Na ikiwa mchoro ulimfikia kutoka kwa mchoraji aliyekwisha kustaafu au kufariki, hakuwa na wa kumwuliza.

Sasa laweza kujibiwa swali la jina. Kalke ina haki yake: imo vinywani, na ina kumbukumbu ya karatasi ambayo maneno ya lugha nyingine yameisahau. Upungufu wake ni kwamba inasimulia nusu ya ukoo tu, ule wa karatasi angavu, na mtu anayejaza rangi nzito katika kalke anasema jambo linalopingana na neno lake. Ngazi hueleza mpangilio bila aina; kundi hueleza aina bila mpangilio, tena programu hizi tayari zina kitu kingine kiitwacho kundi. Tabaka ndilo neno pekee kati ya haya linalobeba udongo na wafanyakazi kwa pamoja, na lilikuwa limeubeba mzigo huo kwa karne nyingi kabla Illustrator haijauunganisha mwaka 1993. Mwalimu anayemweleza mwanafunzi kwa nini reli yake imegawanyika hana haja ya kutunga istilahi mpya. Atasema kwamba reli ni ya tabaka moja lakini haikai katika tabaka moja, na mwanafunzi ajuaye Kiswahili ataelewa sentensi hiyo.

Yabaki majina ya matabaka yenyewe, ambayo hakuna kanuni iliyoyapanga kwa Kiswahili. Inkscape hupokea jina lolote, kwa urefu wowote wa kawaida, pamoja na nafasi na tarakimu. Katika ramani iliyotajwa hapo juu, orodha ya kutosha ingekuwa hii, kutoka chini kwenda juu: mito na maziwa, maeneo ya lugha, mipaka 1988, mipaka 2015, miji, majina kabla ya 1997, majina baada ya 1997. Mipaka ya mwaka 1988, ile iliyotokana na kugawanywa kwa Kivu ya zamani, haifutwi. Hufichwa tu, kwa ajili ya atakayeihitaji.